Walimuuliza dhehebu kabla ya kumwombea

Kuna jambo nililiona wodini ambalo limekataa kunitoka moyoni. Kundi la waumini lilikuja kutembelea wagonjwa, Biblia mkononi, vifurushi vya sabuni kwenye mfuko. Kitanda cha kwanza wakauliza, "Mama, unasali wapi?" Mama akataja kanisa lake. Wakampa pole, wakapita. Kitanda cha pili wakamkuta wa kwao: wakamshika mkono, wakaomba, wakaimba, wakamwachia kifurushi. Yule mama wa kwanza alikuwa amegeukia ukutani, midomo ikicheza. Alikuwa anaufuatisha ule ule wimbo wao, ubeti kwa ubeti.

Nilikasirika, na hasira yenyewe bado ninayo. Mtu anaumwa, anaogopa, na sisi tunataka kwanza kujua ameandikishwa wapi?

Tukitaja umoja wa Wakristo, wengi wetu tunawafikiria maaskofu na wachungaji waliokaa meza moja, au ile wiki ya kuombea umoja, 18 hadi 25 Januari, iliyoanza mwaka 1908. Naipenda wiki hiyo na huwa nahudhuria. Lakini Yesu alipoomba "wote wawe na umoja", katika Yohana 17, alitaja na sababu: ili ulimwengu upate kusadiki kwamba Baba ndiye aliyemtuma. Ulimwengu hausomi matamko yetu. Unatutazama pale wodini.

Tena tunamhubiri Msamaria mwema kila mwaka bila kukumbuka kwamba alikuwa mtu wa ibada nyingine. Wayahudi na Wasamaria waligombania hasa mahali pa kumwabudia Mungu, na yule mwanamke wa kisimani aliligusia hilo mbele ya Yesu. Msamaria hakumuuliza majeruhi anaabudu mlima gani. Alimfunga majeraha, akampandisha juu ya mnyama wake, akamlipia gharama.

Historia ya Uganda hunisumbua sana katika hili. Wamisionari wa Kianglikana walifika Buganda mwaka 1877, Wakatoliki wakafuata mwaka 1879, na haukupita muda wakaanza kubishana mafundisho mbele ya mfalme wa Buganda, Kabaka Mutesa mwenyewe, kila upande ukimwonyesha makosa ya mwenzake. Mutesa akafa, akatawala Mwanga, na tarehe 3 Juni 1886 vijana waliofundishwa na pande zote mbili walichomwa moto Namugongo. Wakatoliki na Waanglikana pamoja. Waliowasha ule moto waliona Wakristo tu. Papa Paulo wa Sita alipowatangaza watakatifu mashahidi 22 Wakatoliki wa Uganda mwezi Oktoba 1964, aliwataja kwa heshima na wenzao Waanglikana waliokufa kwa ajili ya Kristo. Lakini kabla ya kufika huko kuna Januari 1892, miaka isiyotimia hata sita baada ya Namugongo, ambapo Wakatoliki na Waprotestanti walipigana kwa bunduki pale Mengo. Watu waliowajua wale vijana kwa sura na majina! Siasa na ushindani wa wakoloni ulikuwamo, najua. Hata hivyo, kila nikiisoma habari hiyo moyo unauma, kwa sababu inaonyesha jinsi tunavyoweza kuwaheshimu mashahidi wa imani na papo hapo kumchukia ndugu yao.

Wapo watakaoniambia mafundisho yana uzito, na umoja wa juujuu ni uongo. Sawa, nakubali. Ekaristi, yaani meza ya Bwana, si jambo dogo, ubatizo si jambo dogo, na mtu akiniambia dhamiri yake haimruhusu kushiriki meza fulani, siwezi kumlazimisha. Kazi ya wanateolojia nayo inazaa, hata kama inachukua muda: laana ambazo Wakatoliki wa Roma na Waorthodoksi wa Konstantinopoli walitupiana mwaka 1054 ziliondolewa Desemba 1965, na mwaka 1999 Wakatoliki na Walutheri walitia saini tamko la pamoja kuhusu kuhesabiwa haki, yaani jinsi mwenye dhambi anavyokubaliwa na Mungu, suala lile lile lililowatenganisha tangu enzi za Luther. Waachwe waendelee.

Ila nani alisema huruma isubiri wamalize? Wajumbe wa makanisa waliokutana Lund, Uswidi, mwaka 1952 waliyauliza makanisa yao swali ambalo mpaka leo hatujalijibu: je, hatupaswi kutenda pamoja katika mambo yote, isipokuwa yale ambayo tofauti za ndani kabisa za imani zinatulazimisha kutenda mbali mbali? Kumwosha mgonjwa hakuna tofauti ya imani. Kumzika maiti asiye na ndugu, kumlipia yatima ada, kumtembelea mfungwa, hivyo vyote havihitaji kikao cha wanateolojia.

Kuhusu kunyang'anyana waumini sisemi mengi: ni dhambi. Na wanandoa wa makanisa mawili wanaogombaniwa na wachungaji wao wanastahili kuombwa radhi.

Kwa hiyo nawasihi wanaopanga ratiba za kutembelea wagonjwa, kanisa lolote lile: kutaneni na wenzenu wa kanisa jirani, hata kabla hamjaelewana juu ya jambo lingine lolote. Gawaneni wodi, msigawane wagonjwa. Ukifika kitandani muulize mtu jina lake na anaumwa nini, umwombee, umpe ulichobeba. Akitaka mchungaji au padri wake, mpigie simu wewe.