Chopa za Vita na Hadithi ya Moshi Mdogo

Aprili 18, 2024, Kenya ilimpoteza Mkuu wa Majeshi, Jenerali Francis Ogolla, pamoja na wanajeshi wengine 9, katika ajali ya helikopta huko Elgeyo Marakwet. Ilikuwa Huey, chopa ya ukoo ulioruka kwa mara ya kwanza mwaka 1956. Wiki moja baadaye, Aprili 25, kule Marignane kusini mwa Ufaransa, Airbus wakarusha kwa mara ya kwanza helikopta yao ya majaribio iitwayo Racer.

Chanzo cha ajali nawaachia waliochunguza. Mimi nimeziweka tarehe hizo mbili pamoja ili tuone umbali uliopo kati ya chopa tunazorusha na zile zinazochorwa sasa, maana hapo katikati kuna hadithi tamu inayouzwa siku hizi. Tunaambiwa helikopta za kijeshi za kesho zitakuwa na kasi zaidi, zitabeba zaidi, na papo hapo zitachafua hewa kidogo zaidi.

Naiamini nusu yake. Injini zitakunywa mafuta kidogo, hilo halina ubishi. Lakini moshi wa jeshi zima ni hesabu nyingine kabisa, na sijaona dalili kwamba utapungua.

Tuanze na Racer yenyewe, kwa sababu nakiri kazi ya wahandisi wake imenikosha. Helikopta ya injini mbili hubeba nguvu nyingi kuliko inazohitaji kwa sehemu kubwa ya safari. Haina budi. Wakati wa kupaa inazihitaji zote, na injini moja ikizima ghafla, iliyobaki lazima iweze kuwafikisha watu chini salama. Shida inaanza chopa ikishatulia angani. Injini zote mbili zinafanya kazi nusunusu, na injini ya turbini haipendi kazi ya nusunusu: mafuta inayochoma kwa kila kilowati inayotoa yanapanda. Ni daladala mbili kwenye njia moja, kila moja na abiria saba.

Wahandisi wa Safran, waliotengeneza injini za Racer, wameamua kwamba katikati ya safari injini moja ilazwe, na nyingine ifanye kazi kwa kiwango kinachoifaa. Mota ya umeme inakaa tayari kuiamsha iliyolala, haraka, rubani akiihitaji. Ongeza mabawa mafupi yaliyounganishwa kwa umbo la sanduku kila upande, na rafadha mbili za kusukuma chombo mbele ili panga kubwa la juu lisibebe kazi yote peke yake. Kwa jumla Airbus wanadai mafuta yatapungua kwa takriban asilimia 20 ukilinganisha na helikopta ya kawaida ya daraja hilo. Na haijapunguza mwendo: Juni 2024, katika safari yake ya saba tu, ilipita kilomita 400 kwa saa, ikafika 420.

Mradi huo ulichangiwa fedha na Clean Sky 2, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kusafisha usafiri wa anga. Lakini angalia nani mwingine anautazama ujuzi huu kwa jicho la kutamani. Mwaka huohuo wa 2024, NATO iliwapa Airbus, Leonardo na Lockheed Martin kandarasi za kuchora dhana ya helikopta ya kizazi kijacho. Ukisoma wanachotaka majenerali, utakutana na kasi, umbali na uwezo wa kusalimika vitani. Hali ya hewa haipo mstari wa mbele. Sishangai, kwa sababu hakuna aliyewahi kuunda helikopta ya vita ili kuokoa miti.

Na bado jeshi lina sababu yake ya kuyachukia mafuta. Marekani walijifunza Afghanistan na Iraq kwamba lita moja ikifika kambi ya mbali imeshagharimu mara nyingi zaidi ya bei yake, na gharama si fedha peke yake. Utafiti wa jeshi lao uliotoka mwaka 2009 ulikadiria kuwa Afghanistan, kwa kila misafara 24 ya malori ya mafuta, askari au raia mmoja aliuawa au kujeruhiwa. Kamanda aliyewahi kutuma vijana barabarani kusindikiza malori ya mafuta hahitaji mhadhara wa mazingira ili aitake injini yenye kiu ndogo.

Ndipo ikazaliwa injini ya T901 ya General Electric, iliyochaguliwa mwaka 2019 kuingia kwenye helikopta za Black Hawk na Apache badala ya injini ya zamani, T700. Ahadi yake ni nguvu zaidi kwa asilimia 50 na matumizi ya mafuta pungufu kwa asilimia 25, ndani ya nafasi ileile. Takwimu hiyo ya pili ndiyo hunukuliwa sana na wapenda mazingira. Hiyo ya kwanza ndiyo iliyotakiwa na jeshi. Asilimia 25 ni mafuta kwa kila kipimo cha nguvu, na ukishampa rubani nguvu za ziada, atazitumia. Atabeba askari wengi zaidi, atapaa milima mirefu zaidi, ataenda mbali zaidi kabla ya kugeuka. Jeshi likiokoa mafuta halirudishi lita depo. Linasogeza mstari kwenye ramani.

Ushahidi mzuri zaidi ni mrithi wa Black Hawk mwenyewe. Desemba 2022 jeshi la Marekani liliichagua V-280 Valor ya Bell, ambayo sasa inaitwa MV-75. Rota zake mbili huelekea juu wakati wa kupaa, kisha huinama mbele ikaruka kama ndege. Katika majaribio ilivuka noti 300, yaani zaidi ya kilomita 550 kwa saa, na kauli ya jeshi ni kwamba itakwenda mara mbili ya umbali kwa mara mbili ya kasi. Labda kwa kila kilomita itachoma vizuri. Lakini chombo kinachofika mbali mara mbili kitatumwa mbali mara mbili.

Kuna wanaosema umeme utamaliza ubishi. Hebu tupige hesabu mezani. Black Hawk hubeba lita 1,360 hivi za mafuta kwenye matangi yake ya ndani, karibu tani moja na kidogo. Kilo moja ya mafuta ya ndege ina kilowati-saa 12 hivi, na turbini huokoa chini ya theluthi moja yake kama kazi halisi. Betri nzuri ya lithiamu ina kilowati-saa robo moja kwa kilo. Hata ukiichukulia mota ya umeme kuwa haipotezi kitu, utahitaji betri za zaidi ya tani 15 kufanya kazi iliyofanywa na ile tani moja. Black Hawk, pamoja na kila kilichomo, inaruhusiwa kupaa ikiwa na tani 10. Ni kweli, Oktoba 2022 chopa ndogo ya Robinson R44 iliyobadilishwa kuwa ya umeme ilisafiri California kutoka kiwanja kimoja hadi kingine, dakika 20 hivi. Kwa kumfundisha rubani mwanafunzi, safi. Kwa kumtoa majeruhi porini, bado sana.

Njia inayobaki ni kubadilisha mafuta yenyewe, na hii si ndoto. Juni 2010 jeshi la anga la Uholanzi lilirusha Apache, injini moja ikichoma mchanganyiko wa kerosini na mafuta ya mimea. Juni 2022 Airbus wakarusha H225 na injini zake zote mbili zikitumia mafuta endelevu asilimia 100, bila tone la kerosini ya kawaida. Chopa hiyo ina pacha wa kijeshi, H225M. Kwa hiyo uwezo upo, na panga halijui tofauti. Kinachokosekana ni mafuta, na sheria ya kumlazimisha mtu. Tangu 2025 Umoja wa Ulaya umewataka wasambazaji wa mafuta katika viwanja vyake wachanganye angalau asilimia 2 ya mafuta endelevu, ifike 6 mwaka 2030. Sheria hiyo ni ya ndege za kiraia. Za jeshi zimeachwa nje.

Ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo. Itifaki ya Kyoto ya 1997, ya kupunguza gesi chafu, iliwaachia majeshi mianya mikubwa kwa shinikizo la Marekani, na Mkataba wa Paris wa 2015 umeliacha suala la kuripoti moshi wa jeshi kwa hiari ya kila nchi. Kwa hiyo mtu akiniambia helikopta fulani ya vita ni rafiki wa mazingira, namuuliza jeshi lenyewe lilichoma lita ngapi mwaka jana. Mara nyingi mazungumzo huishia hapo. Mwaka 2022 jeshi la nchi kavu la Marekani lilitoa mkakati mzima wa tabianchi. Machi 2025 waziri mpya wa ulinzi, Pete Hegseth, akaandika hadharani, kwa maneno makali kuliko ninavyoweza kuyarudia hapa, kwamba wizara yake haina shughuli na tabianchi. Nia njema imefutwa kwa mistari miwili. Chuki ya misafara ya mafuta imebaki palepale.

Kwetu huku suala lina uzito wa aina yake, kwa sababu tunaishi juu. Black Hawk ya awali iliandikiwa sharti la kusimama angani kwenye mwinuko wa mita 1,219 katika joto la nyuzi 35. Nairobi imepita huo mwinuko kwa mita 400 na zaidi, Goma nayo imeupita. Hewa ikiwa nyepesi, panga linashika kidogo na injini inavuta kidogo, chopa inabeba pungufu. Agosti 2012 Uganda ilipoteza Mi-24 tatu kwenye Mlima Kenya zikiwa njiani kwenda Somalia. Anga letu la milima halina huruma, na nguvu za ziada huku si anasa.

Kipya hatutakimudu upesi. Tutakachokiona ni Black Hawk kuukuu. Za kizazi cha kwanza Marekani wameshaanza kuziuza kwa mnada, na baadhi sasa zinazima moto wa misitu. MV-75 zikianza kuingia vikosini, nyingine zitatafuta wenyewe, na mawakala watakuja na brosha. Ningekuwa mbunge kwenye kamati ya ulinzi, ningeuliza inachoma lita ngapi kwa saa ikipaa Nanyuki, saa nane mchana, imejaa askari. Takwimu za usawa wa bahari wakawaonyeshe Mombasa.