Bibi Ametutoka

Kabla sijaeleza jinsi watu walivyojaa uani kwetu Isevya, mjini Tabora, kumlilia mama yangu mzazi ambaye saa hizo alikuwa mtaa wa Ipuli akimkanda dada yangu aliyejifungua, ni lazima kwanza nimweleze marehemu mwenyewe, kwa sababu asiyemjua hawezi kuelewa kwa nini nilikutwa asubuhi na macho mekundu na jembe mkononi.

Alikuwa kuku, koo wa aina ya kishingo, yaani mwenye shingo tupu isiyo na manyoya, na watoto walimwita Bibi Kishingo kwa kuwa karibu kila kuku aliyeparua uani petu alikuwa mjukuu au kitukuu chake. Baada ya muda jina la pili likaachwa, akabaki Bibi tu. Mama hakulipenda jambo hilo hata kidogo, na alisema waziwazi kwamba cheo cha bibi katika nyumba hii kina mwenyewe na mwenyewe yuko hai. Lakini watoto walikuwa wameshazoea, ikawa mtu akisema kwamba Bibi hajala tangu asubuhi, inabidi kwanza aulizwe ni bibi yupi.

Bandani hakuwahi kulala. Jua likizama aliruka akatua juu ya kiti cha baiskeli yangu ya Phoenix, akageuza uso ukutani kama mtu aliyenuniwa, na asubuhi sikuweza kwenda kazini mpaka yeye ashuke kwa hiari yake, kwa maana ukimshusha kwa mkono alikufuata hadi barabarani akikulalamikia mbele ya watu. Mwavuli alikuwa hawezi kuuona. Mgeni aliyeingia na mwavuli uliofunguliwa alipigwa mbawa za magotini bila kuulizwa jina.

Lakini sifa yake kubwa ilikuwa maembe. Tabora ni mji wa miembe, na msimu unapoanza mwishoni mwa mwaka, upepo huangusha maembe mabichi usiku kucha. Mayai yake mwenyewe Bibi aliyataga popote palipomjia, nyuma ya mtungi, ndani ya kiatu changu cha kazini, akaondoka bila hata kugeuka nyuma. Alipoliona embe bichi, hata hivyo, alilisogeza kwa mdomo taratibu hadi chini ya kifua, akalisogeza na la pili, akatandaza mbawa na kuyaatamia kwa ukali ambao haukumruhusu mtu kupita karibu. Yai la kuku huchukua siku 21 kuanguliwa, ila embe halina subira hiyo. Likianza kunukia alishtuka, akainuka, akalitazama kwa jicho la kulia, akalitazama tena kwa la kushoto, kisha akalidonoa kidogo kwa tahadhari. Akigundua kwamba ni tamu, alimla huyo mtoto aliyemtarajia bila kuacha hata nyuzi, akabaki na kokwa. Mwaka uliofuata alianza upya kwa matumaini yale yale.

Jioni aliyofariki alikula mtama wake vizuri, akapanda baiskeli, na muda si mrefu nikasikia kishindo kidogo. Nilimkuta chini ya gurudumu amenyoosha miguu. Haukuwa ugonjwa wa kideri, kwa sababu shingo yake haikupinda na kuku wengine walikuwa wazima kabisa; ulikuwa uzee tu. Jirani mmoja aliyechungulia juu ya ua alisikitika kwamba sikuwahi kumchinja, kwa kuwa sasa amekuwa kibudu, na sikumjibu. Nilimlaza juu ya ungo, nikamfunika kwa kipande cha kanga, nikaingia chumbani kwa sababu ambazo mwanamume hazielezi.

Mke wangu alikuwa amefuatana na mama huko Ipuli, na simu ya mama, kama kawaida yake, ilikuwa imefungiwa kabatini isije ikaibiwa. Nyumbani tulikuwa mimi na kijana wangu wa darasa la nne, ambaye mapema nilikuwa nimemtuma ampigie simu shangazi yangu wa Ujiji kumwuliza kama dumu letu la mawese limeshapakiwa. Mtoto alipiga, na alipoulizwa habari za nyumbani alisema ukweli mtupu: Bibi amekufa na baba amejifungia ndani analia. Hapo salio likaisha.

Shangazi si mtu wa kungoja apigiwe tena. Kabla hajalala alikuwa amewaarifu ndugu na marafiki wote wa Tabora aliokuwa na namba zao, na alfajiri akapanda basi la kupitia Uvinza, Kaliua na Urambo, simu yake ikiwa karibu kuzimika chaji.

Mtu wa kwanza kuja kwangu asubuhi alikuwa mzee mmoja wa Ng'ambo aliyesoma na marehemu baba. Alinikuta chini ya mwembe nikichimba, akanishika bega, akasema amesikia msiba wetu na kwamba marehemu alikuwa mtu wa watu. Niliguswa sana. Nilimjibu kwamba ni kweli, ingawa wenye miavuli hakuwapenda. Mzee alitafakari kidogo, akauliza kama aliugua siku nyingi.

"Hapana, mzee wangu," nikasema. "Jana jioni alikula vizuri, akapanda juu ya baiskeli kulala kama kawaida yake, akaanguka."

"Juu ya baiskeli? Kwa umri ule?"

"Ndiko alikopenda. Bandani tulimshindwa."

Yule mzee alininyamazia kwa muda mrefu, na nadhani ndipo alipoanza kunihesabu miongoni mwa watoto wabaya wa mji huu.

Baada yake walikuja wa Cheyo, wakaja wa Kanyenye, kisha likaja turubai, vikaja viti vya plastiki, wanawake wakawasha moto na kubandika masufuria, na kijana mmoja mwenye mwandiko mzuri akakaa mezani na daftari la rambirambi. Ni nilipoliona hilo daftari, ambalo juu yake liliandikwa jina kamili la mama yangu, ndipo damu iliponiishia mwilini. Nilijaribu kusema. Kila nilipofungua mdomo nilikumbatiwa. Nilipofanikiwa kulitamka neno "kuku" mbele ya akina mama waliokuwa wakichambua mchele, mmoja wao aliwaambia wenzake kwa sauti ya chini kwamba uchungu umeshanipanda kichwani, na akaagiza niletewe maji.

Akaingia mtani. Ni Mzaramo, mstaafu wa karakana ya reli, na wanaojua mambo yetu watakumbuka kwamba utani wa Wanyamwezi na Wazaramo ni wa zamani, tangu wazee wetu walipokuwa wakibeba pembe za ndovu kwa miguu hadi pwani na kupita katika nchi yao. Msibani mtani ana ruhusa ya kufanya mambo ambayo mwingine angeyafanya angefukuzwa: huiga sauti na mwendo wa marehemu, hukalia chakula, hulala kaburini akatae kutoka mpaka alipwe. Huyu alikwenda moja kwa moja kwenye shimo nililolichimba, akaingia, likamfika magotini. Alijaribu kulala, akaenea miguu peke yake.

"Tazameni ubahili wa hawa watu!" akapaza sauti. "Mama yake mzazi, na anamnyima hata udongo! Sitoki humu bila shilingi 10,000!"

Watu walicheka huku wakifuta machozi, kama inavyotakiwa. Halafu akatoka kwenda kumwona marehemu, akauliza yuko wapi, nami nikamwonyesha ungo. Aliinua pembe ya kanga. Alitazama. Akaishusha kanga polepole, akarudi amekunja uso kwa huzuni kubwa, akashuka tena shimoni na kutangaza kwamba sasa ni shilingi 20,000. Nilimwomba kwa macho awaambie watu ukweli, akanijibu kwa macho kwamba yeye yuko kazini.

Karibu na adhuhuri bajaji ilisimama nje, ikashindwa kusogea kwa sababu ya viti. Akashuka mama yangu na mke wangu. Mama aliliona turubai, akaona watu na moto na masufuria, akaweka chini kikapu chake, na kwa kuwa mwanamume mkubwa aliyebaki katika nyumba ile nilikuwa mimi, aliangua kilio akiita mwanangu, mwanangu. Wale waliokuwa wamemwelekea walimwona marehemu akijililia. Yule wa daftari alipinduka na kiti chake. Mtu mzima mmoja, ambaye sitamtaja kwa kuwa ana heshima zake, alipita katikati ya ua wa michongoma mahali ambapo hata Bibi hakuwahi kupita, na shati lake lilibaki pale. Mtani peke yake hakuondoka shimoni.

Mama aliponiona nimesimama alinyamaza ghafla, akavuta kanga yake vizuri.

"Kumbe wewe mzima? Sasa nani amekufa?"

"Bibi."

"Bibi yupi?"

Nilimpeleka kwenye ungo. Alitazama, akashusha pumzi, akasema maneno machache kuhusu akili yangu ambayo hayastahili kuandikwa, na baada ya hapo, kwa utulivu mkubwa, akaomba aletewe daftari.

Sijawahi kumwona akisoma kwa makini namna ile. Alikaa kwenye mkeka, akavaa miwani, akapitia mstari kwa mstari huku kidole kikitembea chini ya majina, na watu waliokuwa wamerudi kutoka mafichoni wakawa wanasogea nyuma ya nguzo za turubai. Mzee wa Ng'ambo alikuwa ametoa shilingi 20,000, akaitwa mbele na kushukuriwa kwa jina. Mama mmoja wa kikundi chake cha kuweka na kukopa alitoa kitenge kipya, na mama akakifunua, akakipima, akakivaa papo hapo. Kidole kikafika kwa mwenye duka la kona.

"Shilingi 1,000," akasoma, kisha akavua miwani, akaipangusa, akasoma tena. "Sukari yangu, chumvi yangu, sabuni yangu, na harusi ya binti yake nilipika mimi usiku kucha. Elfu moja. Haya, endelea kuishi uone."

Tulipojaribu kumpigia shangazi, simu yake ilikuwa imeshazimika. Aliwasili alasiri akiwa na fungu la dagaa wakavu na lile dumu la mawese, akianza kulia tangu kona ya barabara, na kwa kuwa alikuja ameinamisha kichwa kama wafiwa wafanyavyo, alimwangukia kifuani mtu wa kwanza aliyemfungulia mikono, akalia hapo kwa muda, akisema wifi yangu umeniacha na nani.

"Pole sana, wifi," mama akamwambia akimpapasa mgongo. "Safari ilikuwaje?"

Shangazi aliinua uso. Nitasema tu kwamba dagaa wale tuliwaokota mmoja mmoja.

Alipokunywa maji na kuelezwa, nilitegemea kwamba atanivunja mbavu. Badala yake aliuliza yuko wapi huyo kuku, akapelekwa, akafunua kanga, na akaanza kulia upya, safari hii bila sauti. Kumbe alikuwa na jogoo huko Ujiji, aliyezoea kufuatana naye hadi mwaloni wanapoanika dagaa na kurudi naye nyumbani akiwa ameshiba. Kiangazi kimoja kideri kilipita mtaani: asubuhi jogoo alisinzia, kesho yake shingo ikapinda na harisho likawa la kijani, na banda zima likafagiwa. Mumewe alimcheka, akamwambia mtu mzima halii kuku. Kwa hiyo hakulia.

Tulimzika Bibi kabla ya jua kuzama, mbele ya umati ambao kwa kweli haukustahili kupewa kisogo, kwa sababu chakula kilikuwa kimeshaiva. Mzee wa Ng'ambo alisema neno fupi la heshima. Shangazi aliweka embe bichi pembeni ya shingo ile tupu, kwa maana kijana wangu alikuwa amemsimulia. Mtani alitoka shimoni kwa shilingi 5,000 baada ya mabishano marefu, akala mara mbili.

Ikabaki fedha. Rambirambi hazirudishwi, na wazee walikubaliana kwamba hakuna aliyewahi kusikia marehemu akiziomba mwenyewe, lakini pia hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumnyima. Mama alitenga nauli ya wifi yake. Zilizobaki shangazi alishauri zinunue chanjo ya kideri, ile ya tone moja jichoni ambayo hurudiwa kila baada ya miezi mitatu, na kwa kuwa chupa ikishafunguliwa haikai na hutosha kuku wengi kuliko wetu, mtaa mzima uliitwa. Kesho yake walipanga foleni uani, kila mtu na kuku wake kwapani, shangazi akidondosha matone na mtani akijaribu kutoza kiingilio.

Mwenye duka naye hakuja, ila alimtuma kijana wake na kilo mbili za sukari pamoja na ombi kwamba ule mstari ufutwe. Mama aliipokea sukari, akamwambia kijana afikishe salamu nyingi, na kwamba kilichoandikwa kwa wino hakifutiki, lakini sukari itaandikwa chini yake kama malipo ya awali, na siku ya msiba wenyewe atasomewa baki yake hadharani.