Nyongo imetolewa, maumivu yamebaki

Anayesema "huko Uingereza mnatibiwa bure, mnalalamika nini?" aje tuzungumze. Na anayesema hospitali za nyumbani ni za kubahatisha, naye aketi asikilize.

Nilitolewa kifuko cha nyongo hapa Leicester, kwa upasuaji wa matundu. Sikulipa hata senti. Miezi mitatu haijaisha, maumivu yakarudi palepale kwenye chembe ya moyo, kulia kidogo. Kilichokuwa kinauma si kimeshatupwa?

Waingereza hawakurupuki, hilo nawasifu. Walipima damu kuangalia ini na kongosho, wakapima choo kutafuta bakteria wa vidonda vya tumbo. Ikaja MRI (picha ya mashine ya sumaku) ya mirija ya nyongo, maana jiwe la nyongo linaweza kubaki kwenye mrija hata kifuko kikiondolewa. (Hilo si la kuchezea: macho yakiwa ya njano, una homa na unatetemeka, nenda hospitali usiku huohuo.) Ila MRI niliingoja miezi minne. Majibu yakawa safi. Kamera nikaimeza. Safi pia. Kila miadi daktari mpya, dakika kumi, macho kwenye kompyuta. Tumbo lenyewe liliguswa juujuu tu.

Desemba nikaenda Tanga. Kwetu tumbo la juu likiuma, jina lake ni vidonda. Kabla sijafungua sanduku, shangazi alishanunua omeprazole duka la dawa. Altrasaundi niliipata asubuhi moja, nikalipa taslimu, nikapewa karatasi. Hakuna aliyeuliza nilishapimwa nini. Huo ndio ubovu wetu: kipimo cha haraka kwa mwenye fedha, na kila hospitali inakufungulia daftari jipya.

Shangazi akanipeleka kwa daktari mzee, mstaafu anayesaidia kwenye zahanati ya jirani.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Lala. Nioneshe kwa kidole kimoja."

Nikaweka kidole pembeni ya kovu la juu. Akabonyeza hapo, akasema niinue kichwa bila kushika kitanda. Nilipiga kelele hadi shangazi akachungulia mlangoni.

Kumbe kipimo hicho ni cha tangu 1926, cha mpasuaji wa Marekani aitwaye Carnett. Ukikaza misuli ya tumbo, viungo vya ndani vinapata kinga na maumivu yake hupungua. Yakizidi, shida huwa kwenye ukuta wa tumbo wenyewe. Yangu yalizidi. Mzee alidhani neva (mshipa wa fahamu) imenaswa kwenye kovu, akachoma ganzi hapohapo, na baada ya dakika chache niliketi bila kushika ubavu kwa mara ya kwanza tangu maumivu yarudi.

Msikimbilie kushangilia zahanati, lakini. Kabla ya kunigusa, mzee alisoma majibu yote ya Leicester kwenye simu yangu, taratibu, miwani puani. Bila MRI ile, alisema, asingethubutu kunichoma sindano na kuniambia niende nyumbani, angehofia jiwe. Nilihitaji mashine ya huku na kidole cha kule, na kati yake kulikuwa na tiketi ya ndege ambayo wengi hawana.

Maumivu yalirudi baada ya wiki mbili, nusu ya yale ya mwanzo. Sasa nangoja kliniki ya maumivu, mwezi wa tano. Kwenye barua yangu kwao nimechora tumbo, na duara dogo pa kubonyeza.