Barakoa Ikishavuliwa Imevuliwa

Wiki iliyopita kuna mtu alirusha kwenye kundi letu la WhatsApp kipande cha video cha Septemba 19, 2014. Ni Arena México, ukumbi wa mieleka ya Mexico; mwanamieleka Último Guerrero ameshindwa na mwenzake Atlantis, na kamba za barakoa yake zinafunguliwa mbele ya ukumbi uliojaa hadi juu. Jibu la kwanza kuingia: "Watu wazima wanalilia maigizo." La pili lilikuwa kicheko. Nimekaa na hasira tangu siku hiyo, na leo naitoa.

Sawa, mshindi hupangwa kabla. Nalikubali hilo bila ubishi, kwa sababu si siri. Tangu Salvador Lutteroth aanzishe kampuni ya mieleka ambayo leo ni CMLL, mwaka 1933, vizazi kwa vizazi vya Wamexico vimekata tiketi huku vikilijua hilo. Nakubali pia kwamba ziko barakoa zilizouzwa kwa bei ya kutupa, na kwamba mapromota wanajua kuhesabu hela. Haya, nimekubali. Sasa nisikilizwe.

Anachopoteza mtu katika pambano la barakoa kwa barakoa, ambalo anayeshindwa huvuliwa yake, ni kitu cha kweli. Mkanda wa ubingwa ukikutoka Ijumaa hii, miezi michache baadaye waweza kuurudisha. Barakoa, kwa mila ya ulingo wa Mexico, hairudi. Mwanamieleka anaingia ukumbini ameivaa na anatoka ameivaa; mashabiki wanaomshangilia miaka ishirini hawaijui sura yake, wala hawataki kuijua kabla ya wakati. Akishindwa, kamba za kisogoni zinalegezwa tundu moja baada ya jingine, uso unatoka umelowa jasho, na anapewa kipaza sauti. Anataja jina alilopewa na wazazi wake, anataja alikozaliwa, anataja miaka aliyofanya kazi hiyo. Usiku ule Último Guerrero akawa José Gutiérrez Hernández wa Gómez Palacio, jimbo la Durango. Kesho yake akienda sokoni anatambulika. Hilo nalo liliigizwa? Nani atamwigizia kutojulikana tena?

Na tusisahau wale watu walisubiri kiasi gani. Atlantis alikuwa ndani ya barakoa yake tangu 1983. Alikuwa técnico, yaani mpiganaji wa upande wa wema, kipenzi cha familia nzima, hadi mwaka 2005 alipogeuka na kujiunga na kundi la Guerrero huyo huyo, marudo, yaani wapiganaji wa upande wa wabaya, waliokuwa wakimsumbua. Wakapigana upande mmoja, wakaja wakaachana, na kuanzia hapo kila mtu alijua deni linakwenda wapi. Likacheleweshwa. Mashabiki wakanung'unika, wakakata tamaa, wakarudi. Atlantis alikuwa ameshaichukua barakoa ya Villano III mwaka 2000, katika pambano ambalo hadi leo naona halijapata mpinzani, lakini sasa umri ulikuwa umemwendea na wengi waliamini zamu ya kuvuliwa imefika kwake. Kwa hiyo mwamuzi alipomwinua mkono mzee Atlantis, mayowe yale yalikuwa ya watu walioishi na habari hiyo miaka. Huwezi kukata sekunde ishirini za mwisho, ukawacheka wenye machozi, kisha ukasema umeona.

Anayetaka kuona barakoa ikipotezwa bure, aangalie yaliyomkuta Rey Mysterio Jr. huko Marekani Februari 1999. Huyu ni kijana aliyefundwa Tijuana na mjomba wake, mwenye jina hilo kabla yake. Kampuni ya mieleka ya WCW ikamweka katika pambano la watu wawili kwa wawili, yeye na Konnan dhidi ya Kevin Nash na Scott Hall. Upande mmoja barakoa yake, upande wa pili nywele za Miss Elizabeth, ambaye hata hakuwa mpiganaji. Akavuliwa, onyesho likaendelea na shughuli nyingine. Mwenyewe amesema hadharani kwamba hakulitaka jambo lile. Mwaka 2002 alipoingia WWE, kampuni nyingine ya mieleka ya Marekani, akairudia barakoa, na ndivyo watoto wengi wa huku kwetu walivyomjua, wakaigiza mateke yake kwenye magodoro ya nyumbani. Nafurahi alirudi nayo. Ila aliyenyang'anywa usiku ule hakuwa yeye peke yake. Mashabiki wa Mexico walinyimwa haki ya kumlilia.

Mtu wa Mtwara hapaswi kuelezwa haya. Katika ngoma ya mapiko ya Wamakonde, aliyevaa lipiko, barakoa ya ngoma hiyo, hatajwi jina, hata kama nusu ya kijiji wanautambua mwendo wake.

Mwanamieleka El Santo alipigana na barakoa ya rangi ya fedha tangu 1942. Alimvua mpinzani wake Black Shadow mwaka 1952, akacheza filamu zaidi ya hamsini, na yeye mwenyewe hakuna aliyemvua. Januari 1984, akiwa amestaafu, aliinyanyua kidogo kwenye kipindi cha televisheni, watu wakaona sehemu ya uso. Siku chache baadaye, Februari 5, akafariki kwa moyo. Alizikwa nayo. Waliofurika mazishini walikuja kumzika El Santo, sura waliyoijua, na familia yake ikawaheshimu kwa hilo.

Ndiyo maana nina wasiwasi na WWE kuinunua AAA, kampuni nyingine ya mieleka ya Mexico, mwaka 2025. Hela zitaongezeka, taa zitang'aa, na sina neno baya na wapiganaji kulipwa vizuri; wanastahili. Lakini AAA ni nyumba iliyompa Psycho Clown barakoa ya Dr. Wagner Jr. kwenye Triplemanía, onyesho lao kubwa, ya 2017, barakoa nyeupe ambayo baba yake Wagner aliivaa kabla yake. Jambo kama lile halijengwi kwa wiki tatu za matangazo ili kuuza fulana. Wakianza kuzivua barakoa kila msimu ili wapate kichwa cha habari, nitaacha kutazama, na nitawaambia wenzangu waache.

Pambano la Atlantis na Guerrero lipo mtandaoni, zima. Wale wawili wa kundini nimewatumia.