Usaili wa Vina

Hofu ya usaili mimi huitibu kwa muziki. Siku ile nilikaa kwenye kiti cha kusubiria saa nzima, hedifoni masikioni, rap mfululizo, kichwa kikitikisika chenyewe. Nilipoitwa, niliingia kwa ujasiri mkubwa. Ule ujasiri ndio ulioniponza.

"Jitambulisheee," akasema mwenyekiti wa jopo.

"Mimi ni mhasibu, nina uzoefu wa karibu miaka sita, na hesabu hazijawahi kunipa taabu."

Mama aliyekaa kulia akainua macho kutoka kwenye karatasi zake. Nikajaribu kurekebisha.

"Samahani, nilitaka kujibu kwa ustaarabu."

Kidole changu nacho, ambacho sikukituma, kilikuwa kinapiga mdundo mezani. Nikaukalia mkono mzima.

Hapo bado ningepona. Lakini mnaona jinsi mwenyekiti alivyosema lile neno la kwanza? Ndivyo alivyokuwa, kila sentensi yake ilivutika mwishoni. Na mimi nina maradhi: nikikaa na mtu dakika tano namwiga bila kujijua. Mwenye mafua akinisimulia habari zake, namjibu kwa puani.

"Kwa nini uliacha kazi ya mwanzooo?"

"Mkataba uliishaaa."

Akavua miwani. "Uliishaaa?"

"Ndiyooo."

Yule mama akauma kalamu. Sijui alikuwa anazuia kicheko au tusi.

Ndipo fundi wa chumba cha pili akawasha drili. Mama akauliza sifa yangu kuu ni ipi. Nikapaza sauti. Drili ikazidi, nami nikazidi, mishipa ya shingo imenitoka. Ikazimwa ghafla, bila hata kunionea huruma:

"...MIMI NI MTU MPOLE SANA, SIJAWAHI KUMPIGIA MTU KELELE!"

Fundi akachungulia mlangoni kuona kuna ugomvi gani.

Nyumbani nilijifariji kwa kusoma. Kumbe kuna daktari Mfaransa wa masikio, Étienne Lombard, aliyeandika mwaka 1911 kwamba mtu akizungukwa na kelele hupaza sauti bila kukusudia. Mbinu hiyo iliwanasa hata waliojifanya viziwi: wakipigiwa kelele masikioni, sauti inawapanda, uongo umekwisha. Na kuanzia miaka ya 1970 mwanasaikolojia Howard Giles alieleza jinsi tunavyousogeza usemi wetu ufanane na wa tunayezungumza naye. Nikamweleza mke wangu yote hayo, nikiwa nimesimama kama wakili mahakamani.

"Na huyo Lombard," akauliza, "alipata kazi?"

Siku ya tatu simu ikaita. Mwenyekiti mwenyewe.

"Kijana, nafasi ameshapata mtu mwingineee."

Nikavuta pumzi. Nikajiapiza moyoni: sema kawaida, neno moja, kata simu.

"Hakuna nenooo."

Kimya kirefu.

"Bado unaendeleaaa?"