Ukuta Uliopauka Hautaki Mashine ya Kuoshea Magari

Jumamosi iliyopita nilikwenda Ilazo, hapa Dodoma, kumjulia hali dada yangu mkubwa, na kabla sijapiga hodi macho yangu yalinaswa na ukuta wa magharibi wa vyumba vyake vya uani, vile vilivyofunikwa kwa bodi za saruji zilizopandana kama magamba ya samaki. Ukuta ulikuwa na michirizi ya wima kutoka usawa wa kenchi hadi chini: palipopitiwa na mashine ya kuoshea magari kwa karibu rangi ya buluu ilikuwa imekolea, na palipopitiwa kwa mbali ilikuwa bado imepauka, kama punda milia aliyechorwa na mtoto. Nilipoinama kwenye maungio ya bodi nikakuta rangi imefura malengelenge ya ukubwa wa punje za mahindi. Nilibonyeza moja kwa kidole, likatoa maji. Kazi ilikuwa imefanyika Jumatano.

Dada alinieleza kwamba kijana aliyeileta mashine alipitisha kiganja ukutani, akakionyesha kikiwa cheupe, akasema, "Mama, hili ni vumbi tu, nikilipiga presha nusu saa ukuta unang'aa." Weupe ule haukuwa vumbi, na kosa lote lilianzia hapo.

Vumbi la Dodoma tunalifahamu, ni jekundu na hutua juu ya ukuta kutoka nje. Unga mweupe unaobaki kiganjani hutoka ndani ya rangi yenyewe. Rangi ni chembe zilizoshikwa na gundi, na gundi hiyo ndiyo inayoliwa na jua na hewa, mwaka baada ya mwaka, mpaka chembe zinabaki juu ya ukuta bila kitu cha kuzishika. Mji wetu uko nyuzi 6 hivi kusini mwa Ikweta, juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na kuanzia Mei hadi Novemba tunakaa miezi mingi bila mvua ya maana, kwa hiyo ukuta unaopokea jua la alasiri hupata kipigo ambacho ukuta wa Tanga wenye mawingu haukijui. Rangi nzito kama buluu na kahawia huonyesha unga huo mapema zaidi, lakini hata nyeupe inao. Pitisha kitambaa cheusi utauona.

Sasa fikirieni kinachotokea mtu anapokuja na mashine. Maji ya bomba la nyumbani hutoka kwa msukumo wa baa chache tu, ilhali mashine nyingi za kuoshea magari husukuma kwa baa 100 na zaidi. Bati la gari linaweza kuvumilia, lakini bodi ya saruji ni saruji, mchanga na nyuzi za miti zilizoshindiliwa pamoja, na kinga yake dhidi ya maji ni ile ngozi nyembamba ya rangi pamoja na kizibo laini kilichojazwa kwenye maungio. Mashine huchana ngozi hiyo na kung'oa kizibo hicho. Zaidi ya hapo, bodi zimepandanishwa ili maji ya mvua yanayoshuka yateleze nje, ya juu ikiikinga ya chini. Kijana aliyesimama chini na kuelekeza mdomo wa mashine juu huyasukuma maji chini ya kila ubao, mahali ambapo mvua ya miaka yote haikuwahi kufika. Ndani ya chumba kimoja cha dada tulikuta jipsamu ya ukutani imeota doa la kahawia. Hakuna bomba upande ule.

Na baada ya madhara yote hayo, unga haukutoka. Mashine huondoa ulio legelege na kuuacha ulioshikilia kidogo, na ndiyo maana ukuta ukikauka hubaki na michirizi. Unga wa rangi huondolewa kwa kusuguliwa na mkono wa mtu, kwa usawa, ubao mzima kutoka kona hadi kona. Ninajua ni kazi ya kuchosha. Ninajua pia kwamba fundi anayesema atatumia siku mbili na brashi huonekana mvivu mbele ya mwenye nyumba anayetaka ukuta ung'ae kabla ya Magharibi, na hapo lawama ni yetu sisi tunaolipa kuliko ya kijana yule.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba mashine hutumia maji kidogo kuliko mpira ulioachwa wazi, na katika mji ambao maji huja kwa zamu hilo si jambo la kupuuza. Kwa sakafu ya nje na vitofali vya njia itumieni. Kwa ukuta wa bodi, aliyelazimika kabisa aiwekee mashine mdomo mpana, apunguze msukumo hadi wa chini, asimame mita 2 nyuma, aelekeze maji chini, na asuuzie tu. Hata hivyo ndoo na brashi zingemtosha.

Tuliyofanya Jumapili ni haya. Kwanza tulipitisha ufagio laini ukutani ukiwa mkavu, kwa sababu vumbi jekundu likilowa kabla ya kuondolewa huwa tope linaloingia kwenye vinyweleo vya bodi. Tulianza saa moja asubuhi, wakati upande wa magharibi uko kivulini, kwani sabuni ikikaushwa na jua ukutani huacha alama ambazo ni taabu kuziondoa. Kwenye ndoo ya lita 20 tulitia sabuni kidogo ya maji ya kuoshea vyombo, tukapaka kutoka chini kwenda juu ili maji machafu yasichirizike kwenye ubao mkavu na kuuchora, kisha tukasuuza kutoka juu kwenda chini. Brashi ilikuwa ya nywele laini. Maji ya ndoo yaligeuka kama maziwa yaliyotiwa buluu, na kila yalipofikia hapo tuliyamwaga, maana kusugua kwa maji yale ni kuurudisha unga ulikotoka. Kusuuza tulitumia maji ya mvua yaliyobaki kwenye simtanki; yale ya kisima chetu yana chumvi, na chumvi ikikauka ukutani huacha weupe mwingine utakaodhani ni unga uleule.

Jirani mmoja alipita akatushauri tumwagie Jiki, na mwingine asidi ya kuoshea vigae. Jiki nzito huchujua rangi, na asidi hula saruji yenyewe. Asiwepo mtu wa kuzichanganya mbili hizo, kwani hutoa hewa yenye sumu inayoweza kumuua mtu aliyejifungia chooni akisafisha.

Wapo pia wanaokuja na msasa, na hapa ndugu zangu nawasihi. Ukiparaza bodi ya saruji ikiwa kavu, unatimua vumbi la mchanga laini mno lisiloonekana, ambalo likiingia mapafuni huacha makovu yasiyopona. Malengelenge ya dada tuliyakwangua ukuta ukiwa umelowa, taratibu, kwa kikwanguo kisicho na makali. Na kama nyumba ni ya zamani, yenye bodi au mabati ya saruji ambayo hakuna anayekumbuka yalinunuliwa lini, msiyasugue, msiyatoboe, na kwa hali yoyote msiyapige presha. Bodi nyingi za zamani zilitengenezwa kwa nyuzi za madini ya asbesto, na nyuzi hizo husababisha saratani inayojitokeza miongo mingi baada ya mtu kuzivuta. Kijana wa miaka 20 anayeshika mashine leo anaweza kuugua akiwa na wajukuu. Mwiteni mtu mwenye ujuzi wa asbesto aangalie kwanza.

Lipo na suala la kupaka rangi juu ya unga bila kuosha, nalo ni kutupa fedha: rangi mpya hushika unga, unga haujashika kitu, na msimu mmoja wa jua ukipita zote mbili hubambuka pamoja.

Kufikia saa saba mchana jua lilitufikia, tukaacha. Tulikuwa tumemaliza mbao sita. Dada alichukua kipande cha kanga yake ya zamani nyeusi, akakipitisha kwenye ubao wa tatu kwa nguvu, akakigeuza kutazama, na kikawa bado cheusi. Upande wa jikoni tutaumaliza Jumapili ijayo, tuuache ukuta siku kadhaa ukauke hadi ndani ya maungio, tujaze upya kizibo kilichong'olewa, na ndipo praima, ile rangi ya kwanza ya msingi, itakapofunguliwa, asubuhi, kabla upepo wa mchana haujaanza kutimua vumbi.