Intaneti ya leza Dar es Salaam: itafaa wapi?

Kila barabara ya Dar es Salaam inapochimbuliwa kwa ajili ya mwendokasi, mtaro au bomba la maji, nyaya za faiba zilizofukiwa kando yake huwa hatarini, kwa kuwa kijiko kimoja cha katapila kinatosha kuuacha mtaa mzima bila intaneti. Ndiyo maana hoja ya kupitisha data hewani kwa miale ya leza haipaswi kupuuzwa.

Taara, mradi uliokuzwa ndani ya kampuni mama ya Google na kuanza kujitegemea mwaka 2025, hutumia mwale usioonekana kwa macho baina ya vifaa viwili vinavyotazamana, na hutangaza kasi ya hadi gigabiti 20 kwa sekunde kwa umbali wa hadi kilomita 20. Ushahidi wake mzuri zaidi uko Mto Kongo, ambako mwale huo ulivusha data kutoka ng'ambo moja hadi nyingine. Brazzaville na Kinshasa zinatazamana kwa kilomita zisizozidi tano, ilhali waya ulilazimika kuzunguka zaidi ya kilomita 400.

Wapo watakaosema Magogoni na Kigamboni, zinazotenganishwa na maji ya bandari, ni hivyo hivyo. Sikubaliani nao, kwa sababu Daraja la Nyerere limekuwapo tangu mwaka 2016 na waya unaweza kupita humo. Faida halisi kwetu ni muda: kifaa hufungwa juu ya paa au mnara bila kusubiri kibali cha kuchimba hifadhi ya barabara.

Hata hivyo, vifaa hivyo lazima vionane. Kariakoo, ambako ghorofa jipya huota palipokuwa na nyumba ya vyumba sita, njia iliyo wazi leo inaweza kuzibwa na zege kabla mkataba haujaisha. Tena kila kituo kinahitaji umeme wake, wakati faiba iliyo ardhini haidai umeme katikati ya safari fupi za mjini.

Kuhusu hali ya hewa, adui mkubwa wa leza ni ukungu kuliko mvua, na ukungu mzito si kawaida ya pwani yetu. Kwa hilo tuna nafuu kuliko London. Lakini mvua ya masika inaponyesha kwa nguvu, mwanga hufifia, kasi hushuka na pengine mawasiliano hukatika. Mwenye duka atavumilia. Hospitali na benki haziwezi.

Wala leza haigusi udhaifu wetu mwingine. Mei 2024, hitilafu ilipozipata nyaya za baharini za EASSy na Seacom, intaneti ilizorota nchini kote, na miale ya juu ya mapaa isingesaidia kitu, kwa kuwa nayo hubeba data inayotoka kwenye nyaya hizo hizo.

Kwa maoni yangu, leza ina nafasi kama njia ya akiba ya faiba, au ya muda mahali ambapo uchimbaji umekwama. Kampuni itakayoiuza kama mbadala kamili iulizwe kwanza inatoa dhamana gani ya huduma kwa mwezi wa Aprili, na kama bei yake imejumuisha kifaa cha kutuma data kwa mawimbi ya redio, cha kushika zamu mvua inaponyesha.